Mikali binti Sauli Dirishani

Somo: 2 Samweli 6:12–23



Mwajua habari ya siku ile Sanduku la Agano lilipopandishwa kuingia mji wa Daudi. Lilikuwa limekaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu, na nyumba ile ikabarikiwa. Basi mfalme Daudi akaenda kulileta kwa shangwe na kwa sauti ya tarumbeta. Wala hakubebwa juu ya kiti kama wafalme wengine. Aliyaacha mavazi yake ya kifalme, akavaa naivera ya kitani, akacheza njiani mbele ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, na wajakazi wakimtazama. Bila shaka jasho lilimtoka.

Na juu, dirishani, alikuwako Mikali. Biblia haimwiti hapa mke wa Daudi. Yamwita binti Sauli, yaani mtoto wa nyumba ya mfalme aliyetangulia. Alichungulia, akaona, akamdharau mumewe moyoni mwake. Daudi aliporudi kuwabariki watu wa nyumbani kwake, Mikali akatoka kumlaki kwa kejeli.

Tusimwonee mwanamke huyu. Alikuwa ameteseka. Alimpenda Daudi tangu ujana, tena ndiye aliyemwokoa usiku ule Sauli alipotaka kumwua: alimtelemsha dirishani akakimbia. Baadaye akaozwa kwa mtu mwingine, kisha akaondolewa kwa huyo naye, na yule mume wa pili akamfuata njiani akilia. Mtu aliyepitishwa katika mambo hayo hawi na miguu myepesi ya kucheza. Nasema hivi kwa sababu wahubiri wengi humsema Mikali kana kwamba alikuwa na kiburi tu. Dharau mara nyingi ina kidonda chini yake.

Lakini angalieni jambo moja. Someni maneno yote aliyomwambia mfalme jioni ile. Hamtaona neno hata moja juu ya Sanduku la Bwana. Hakuuliza limefikaje, limewekwa wapi, watu wamesema nini. Yote ni habari ya nguo. Alikuwa juu mno. Kutoka dirishani aliona miguu ikiruka na kitani ikipeperuka, na kile ambacho watu walikuwa wakikichezea hakukiona.

Nimelikumbuka dirisha hilo kwa sababu ya swali nililoulizwa katika darasa la Kipaimara. Tulikuwa tumefika kwenye Amri Kumi. Msichana mmoja akainua mkono akasema, “Padre, ni dhambi kupenda nyimbo za Wakorea?” Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikajua kwamba swali hili lilikuwa limeulizwa kwanza nyumbani, na jibu alilopewa halikuwa jema.

Kwa wale wasioujua, huu ni muziki wa vijana wa Korea Kusini, nao huitwa K-pop. Waimbaji huwa makundi ya wavulana au ya wasichana, wanne, saba, hata tisa na zaidi, wakiimba na kucheza pamoja kwa mwendo mmoja kama gwaride. Wengi wetu tuliugusa bila kujua. Mwaka 2012 Mkorea mmoja, PSY, alitoa wimbo wenye mchezo wa kujifanya unapanda farasi. Filamu yake fupi ikawa ya kwanza katika YouTube kutazamwa mara bilioni moja, na katika arusi zetu nimewaona wazee wa Kanisa wakipanda farasi yule, pamoja na mashemasi wawili. Hakuna aliyeuliza kama ni dhambi.

Malalamiko ya wazazi nimeyasikia. Kwanza, wale wavulana wamejipaka poda na rangi ya midomo, nywele zao ni za kijani na za waridi. Pili, hatuelewi wasemalo, pengine wanatukana. Tatu, watoto wetu wanaacha vya kwao wanakimbilia vya watu wa mbali.

Hilo la pili nitalijibu upesi, maana lanichekesha. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tunaojua Kilingala? Na ni wangapi tulikesha tukicheza nyimbo za Franco na za Tabu Ley, tukaoa na kuolewa kwa nyimbo hizo, pasipo kuelewa hata maneno matatu? Mtu aliyelia machozi kwa wimbo wa Kikongo asioujua maana asimkemee mjukuu wake kwa wimbo wa Kikorea. Tena mjukuu mara nyingi ametafuta tafsiri. Sisi hatukutafuta.

Hayo mengine yahitaji maneno zaidi, na yafaa kwanza tujue kwamba hata huko Korea wenyewe muziki huu ulikataliwa. Mnamo Aprili 1992 vijana watatu, Seo Taiji na wenzake wawili, walitokea katika shindano la televisheni. Waamuzi wakakaa katika viti vyao. Vijana wakaimba na kucheza kwa namna ambayo haikuzoeleka katika nchi ile, maneno yakisemwa mbiombio juu ya ngoma za Kimarekani, lakini kwa Kikorea. Waamuzi wakawapa alama za chini kupita wote. Wimbo huohuo ukakaa nambari ya kwanza kwa wiki kumi na saba. Wale waliousikia majumbani na njiani walisikia kitu ambacho waamuzi hawakukisikia. Wataalamu wa mambo haya husema muziki wote wa K-pop ulianza na vijana wale watatu.

Mwaka 1994 wakatoa wimbo mwingine juu ya shule. Mjue kwamba mtoto wa Kikorea husoma tangu asubuhi mpaka usiku kwa ajili ya mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu, na wimbo ule ulilalamikia jambo hilo waziwazi. Je, wakubwa walijibu nini? Ukavuma uvumi kwamba ukiicheza kanda ile kinyumenyume utasikia sauti ya shetani. Wako Wakristo waliouamini uvumi huo. Yaani mtoto anasema, “Baba, nimechoka, mzigo huu utaniua,” na baba anaizungusha kanda kinyume ili amtafute shetani! Ilikuwa kazi rahisi zaidi kuisikiliza kama ilivyorekodiwa.

Hapo nataka kuwakumbusha jambo ambalo lingewashangaza Wakristo wale. Muziki huu una babu, na babu yake mmoja ni Kanisa. Siku ya Pasaka ya mwaka 1885 Wamarekani wawili, Underwood Mpresbiteri na Appenzeller Mmethodisti, walishuka melini katika bandari ya Incheon. Wakafungua shule, wakafundisha tenzi. Wakorea walikuwa na nyimbo zao za kale, nzuri sana, lakini sauti nne za tenzi zilikuwa kitu kipya masikioni mwao. Mwanzoni zilisikika ngeni. Kisha wakazipenda, wakatunga maneno yao wenyewe juu ya tuni zile, nyimbo za shule na za kuipenda nchi, wakaziita changga. Hata wimbo wao wa taifa uliimbwa kwanza kwa tuni ya Kiskoti, kabla mtunzi Ahn Eak-tai hajaupatia tuni yake mwenyewe mnamo 1935. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 waimbaji wao wakapata riziki kwa kuwaimbia askari wa Kimarekani kambini, na huko wakajifunza mengine. Basi ukisikia leo wasichana wa Kikorea wakipatanisha sauti zao, unasikia safari ndefu, na kituo kimoja cha safari hiyo kilikuwa darasa la Jumapili.

Sisi Waanglikana nasi tumo. Askofu wetu wa kwanza huko, Charles John Corfe, aliyekuwa padre wa mabaharia wa Kiingereza, alifika mwaka 1890. Miaka kumi baadaye, katika kisiwa cha Ganghwa, likajengwa Kanisa ambalo lingali limesimama hata leo. Ukilitazama kwa nje utadhani ni hekalu la Wabuddha: nguzo za mbao, paa la vigae lenye pembe zilizopinda juu, maandishi ya Kichina juu ya nguzo. Ukiingia ndani, unakuta altare na safu mbili za nguzo kama makanisa ya kale ya Rumi. Mtu apitaye barabarani akilitazama kwa mbali aweza kusema, “Hawa wameabudu miungu.” Yampasa apande ngazi, avue viatu, aingie.

Sasa nitawaeleza habari ya mama mmoja wa mtaa wetu. Ameniruhusu niieleze bila kumtaja jina.

Mama huyu alihamia kwetu kutoka Unguja akiwa na mjukuu mdogo wa kike. Baba wa mtoto, mwanawe wa pekee, alikuwa mfanya biashara, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 alikuwa ndani ya meli Spice Islander iliyozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Mwili haukupatikana. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Mama alifanya kama wafanyavyo wengi: alifunga kinywa. Picha ya mwanawe aliiweka ndani ya sanduku la nguo, na mtoto akakua bila kuuliza.

Msichana alipofika kidato cha pili akaanza kusikiliza kundi la Wakorea saba liitwalo BTS. Bibi yake hakuwapenda kabisa. Aliwaita “wale waliojipaka.” Kila jioni ilikuwa ugomvi: “Zima!” “Bibi, kidogo tu.” “Nimesema zima!” Kulikuwa na wimbo mmoja hasa ambao msichana aliurudia usiku baada ya usiku, mpaka bibi akaujua tuni yake bila kutaka, akajikuta anauvumisha akichambua mchele. Jambo hilo likamuudhi zaidi.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Wakakaa gizani, simu ikiwa na chaji kidogo, na wimbo ule ukiimba polepole. Bibi kwa uchovu akauliza, “Hivi watu hawa wanalia nini?” Msichana akamwambia, “Wanamkumbuka rafiki, Bibi. Hajarudi. Wanangoja majira yapite.” Akanyamaza. Kisha akasema, “Kwao kuna meli ilizama. Ilikuwa na watoto wa shule.”

Wimbo huo uliotoka Februari 2017 huitwa Spring Day kwa Kiingereza, yaani siku ya majira ya kuchipua. Watu wengi huko huuhusisha na meli Sewol, iliyozama tarehe 16 Aprili 2014. Walikufa watu 304, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule moja, waliokuwa wakienda safari ya kujifunza katika kisiwa cha Jeju. Walitangaziwa wakae walipo, nao wakatii. Utepe wa njano ukawa alama ya kuwaombolezea, na katika filamu ya wimbo ule utepe wa njano unaonekana.

Bibi alisema nami habari hii hapo sakristia, baada ya Misa ya asubuhi. Akaniambia, “Padre, miaka miwili nilikuwa namwambia mtoto azime. Kumbe alikuwa anamlilia baba yake, nami nilikuwa namzuia.” Usiku ule alitoa picha katika sanduku la nguo.

Nami sikumwambia neno, maana hakuhitaji neno langu. Ila nataka mwone jinsi alivyogeuka. Hakugeuka kwa sababu mtu alimthibitishia kwamba muziki huu ni mzuri. Rangi ya midomo ilikuwa ile ile, nywele zilikuwa zile zile. Alishuka tu kutoka dirishani, akauliza swali moja, akaketi karibu na mtoto kusikia jibu. Na tangu siku ile akawa shabiki kweli kweli. Mjukuu wake husema amepita kiasi. Awajua wote saba kwa majina na kwa kuzaliwa nani mkubwa nani mdogo. Walipoanza kuitwa mmoja mmoja kutimiza utumishi wao wa lazima kwa taifa, kuanzia yule mkubwa, Jin, mnamo Desemba 2022, aliwaweka katika sala zake za jioni kama wanawe. Wa mwisho alipomaliza Juni 2025 alikuja kutoa sadaka ya shukrani. Mhazini akaniuliza aiandike chini ya kichwa gani. Nikamwambia aandike “Shukrani,” basi.

Wako watakaosema, “Padre sasa ametubariki tufanye lo lote.” La hasha! Ninyi vijana mliofurahi kufika hapa, ngojeni, maana kushuka dirishani kuna sehemu ya pili. Kutoka mbali huoni uzuri, lakini pia huoni maumivu.

Huko Korea mwimbaji wa namna hii huitwa “aidol.” Ni neno walilolikopa kwa Kiingereza, na maana yake ya asili ni sanamu ya kuabudiwa. Sikulitunga mimi, wao wenyewe walilichagua. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika sura ya nane ya waraka wa kwanza, asema kwamba sanamu si kitu, na kwa hiyo hakuwa na hofu na nyama iliyouzwa sokoni. Lakini hapa sanamu ni mtu aliye hai. Ana tumbo la njaa, ana usingizi, ana mama. Ndipo uabudu unapokuwa ukatili.

Watoto hawa huchukuliwa na makampuni wakiwa na miaka kumi na miwili au kumi na minne. Hufundishwa miaka kadhaa, kuimba na kucheza, mpaka usiku wa manane, wakikaa pamoja bwenini, wakipimwa uzito, na wengi hurudishwa nyumbani bila kupata kitu. Waliofaulu walitiwa saini mikataba mirefu. Mwaka 2009 vijana watatu wa kundi moja walikwenda mahakamani kuupinga mkataba wa miaka kumi na mitatu. Mwaka huohuo tume ya serikali ikatoa mkataba wa mfano usiozidi miaka saba. Yakobo na Labani mnawakumbuka: saba, kisha saba tena.

Tena kuna mashabiki. Mnamo Machi 2024 msichana mmoja mwimbaji aliandika barua kwa mkono wake kuwaomba radhi mashabiki. Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa amepata mchumba. Wapenzi wake, wale waliosema wampenda kuliko roho zao, walileta lori lenye maandishi ya kumlaumu, likasimama mbele ya kampuni yake. Huo si upendo, wanangu. Upendo hufurahi rafiki anapopata mwenzake. Mwabudu hukasirika sanamu yake inapogeuza shingo.

Na wako waliokufa. Desemba 2017 alijiua Jonghyun wa kundi la SHINee, kijana mwenye sauti ya ajabu, akiwa na miaka ishirini na saba. Oktoba 2019 Sulli, aliyekuwa ametukanwa miaka mingi na watu wasiomjua. Novemba mwaka huohuo Goo Hara, rafiki yake. Siwezi kusema ni nini kilikuwa ndani ya mioyo yao, na ninaonya mtu asiwahukumu. Kanisa huwaweka watu hao mikononi mwa Mungu aonaye yote. Lakini yule anayeandika matusi kwenye simu yake kitandani, awe Seoul au awe hapa kwetu, na akae akijua kwamba naye yuko dirishani kama Mikali. Wala mwenye kushangilia si lazima awe ameshuka. Aweza kushangilia miaka kumi asimwone mtu mbele yake, aone miguu tu.

Kuna jambo jingine ambalo sikubaliani na waimbaji hawa kabisa, ingawa nawaheshimu. Novemba 2017 kundi lile la BTS lilianza pamoja na UNICEF kampeni ya kupinga ukatili kwa watoto na vijana, na Septemba 2018 kiongozi wao alisimama katika Umoja wa Mataifa, New York, akawaambia vijana wa dunia wajipende na wasijifiche. Ni neno jema, hasa kwa mtoto anayepigwa na kuambiwa hafai. Bwana wetu naye asema tumpende jirani kama nafsi zetu, kwa hiyo asiyeipenda nafsi yake atamgawia jirani nini? Lakini mtoto haponi kwa kujipenda peke yake chumbani. Hujua kwamba apendeka pale mtu mwingine anapoketi karibu naye. Yule bibi aliketi. Kazi hiyo hakuna mwimbaji awezaye kuwafanyia wazazi, hata akiimba vizuri namna gani.

Malalamiko ya tatu yamebaki, yaani kwamba watoto wanaacha vya kwao. Hapa nawaomba wazee wakumbuke historia. Vya kwetu vilidharauliwa na nani kwanza? Ngoma ilikatazwa kanisani, kayamba ilikatazwa, na jando na unyago viliitwa ushenzi na watu waliovitazama kutoka barazani kwa misheni. Huko Masasi ilikuwa vingine kidogo. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ile, pamoja na mapadre Waafrika, walitaka kujua kila jambo la jando lina maana gani. Yaliyofaa wakayashika, yasiyofaa wakayaacha, wakaweka sala na msalaba, na vijana wa Kikristo wakatiwa jandoni kwa baraka za Kanisa. Walilaumiwa na wa upande huu na wa upande ule. Sidhani kila walilofanya lilikuwa sawa. Lakini waliuliza kabla ya kukataa, na hiyo ndiyo njia ambayo Paulo aliwafundisha Wathesalonike, kupima mambo yote na kulishika lililo jema. Kupima si kazi ya macho peke yake.

Wala si kweli kwamba mapenzi haya yanakwenda upande mmoja. Mjini Seoul kiko chuo kikuu cha lugha za kigeni, Hankuk, ambacho wanafunzi wake Wakorea hujifunza Kiswahili. Wanahangaika na ngeli zetu kama watoto wetu wanavyohangaika na herufi zao. Nadhani huko nako kuna bibi anayeuliza, “Hayo maneno ya Waafrika yatakufaa nini?”

Basi yule msichana wa darasa la Kipaimara nilimjibu nini? Nilimwambia kwamba kupenda wimbo si dhambi, na nikampa kazi. Achague wimbo mmoja, alete maneno yake kwa Kiswahili, asome mbele yetu, na atueleze ndani yake mna nini cha kweli na nini cha uongo. Alileta kurasa mbili zilizoandikwa safi. Wenzake hawakucheka. Tulibishana mpaka kengele ya Sala ya Jioni ikalia, na katika mabishano hayo nilisikia habari za nyumba zao ambazo kwa miaka yote ya kuwafundisha Katekisimu hakuna aliyeniambia.

Kwa sababu hiyo nimewaruhusu vijana watumie ukumbi wa mtaa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tisa alasiri. Watapiga nyimbo tano na kutueleza maana yake, na wazazi watakuwa na haki ya kuuliza lo lote, ila si kuzima. Wakina Mama wamekubali kuleta chai na maandazi. Wale wenye nyimbo zao za zamani za Kikongo nao wazilete, pamoja na tafsiri, wakiweza kuipata.

Tena tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Misa itakuwa saa kumi na mbili asubuhi. Wenye majina ya kuombewa wayaandike na kuyaleta sakristia kabla ya Jumapili. Orodha imekwisha kuanzwa na mama yule niliyewaeleza habari zake. Ameandika jina la mwanawe kwanza, na chini yake, kwa mwandiko wa mjukuu, “Wanafunzi 250 wa meli Sewol, Korea.”